Mabega Niliyoyashika Bila Kuyaona

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba jambo moja: niandike niliyoyaona katika chumba cha mazoezi ya viungo, ili wanaokuja nyuma yetu wasianzie sifuri. Saa niliitundika siku ileile. Maandishi yamenichukua miezi, kwa sababu kila nikianza kueleza kazi, kalamu inanipeleka kwa mgonjwa mmoja, Bi Zena wa Kurui, na mimi nilikuwa najaribu kumkwepa. Sasa nimechoka kumkwepa. Nitaanzia mwanzo kama mlivyotaka, lakini mjue mapema kwamba nakwenda kwake. Mwanamke yule alikufa kwa ugonjwa ambao mikono yangu ilipita karibu nao kwa miezi sita bila kuujua.

Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Waliopandishwa wanajijua, na waliorukwa wanajijua zaidi.

Niliingia kazini mwaka wa Uhuru, dresa wa zahanati huko Kisarawe. Kazi ya dresa ilikuwa kuosha vidonda, kuchemsha sindano, na kumshikilia mgonjwa wakati mtu mwingine anamuumiza. Kwa hilo la tatu nilisifiwa. Nilikuwa na mikono mikubwa na sauti ya chini, na wazee walisema mtoto wa Mlandizi huyu ana adabu. Kweli nilizaliwa Mlandizi, kwa wakulima wa muhogo na mpunga, na adabu tulifundishwa kabla ya kufundishwa kulima. Nilidhani adabu haiwezi kumdhuru mtu.

Miaka michache baada ya Azimio nilihamishiwa hospitali moja ya Kibaha, ambako kilikuwa kimefunguliwa chumba cha mazoezi ya viungo. Mkuu wa chumba alikuwa Sista Eliwaza, Mpare wa Same, mama mfupi, mkavu wa maneno, aliyesomea kazi hii ng'ambo. Siku yangu ya kwanza alimwita mpishi wa hospitali, akamvua shati, akamsimamisha katikati ya chumba. Mimi akaniambia niweke mikono nyuma na nimtazame mtu yule kwa robo saa bila kumgusa. Mpishi alikuwa na haraka ya maharage yake. Robo saa ilipokwisha Sista akaniuliza nimeona nini, nikamjibu nimeona mtu hana shati.

Hakucheka. Alinionyesha kwamba bega la kulia la mpishi limeshuka chini ya lile la kushoto, kwamba mfupa bapa wa mgongoni umechomoza upande mmoja, na kwamba kwapani kuna kovu la jipu la zamani linalomzuia kunyoosha mkono hadi mwisho. Akasema, "Ungeanza kushika, Rajabu, ungeyakosa yote matatu. Mkono ni wa pili. Jicho ni la kwanza."

Vifaa vyetu mngevicheka nyinyi wenye mashine. Taa ya joto tulikuwa nayo moja, na balbu yake ilipoungua tulisubiri nyingine mwaka mzima, tukawa tunapasha mchanga kwenye sufuria na kuufunga ndani ya mifuko ya kitambaa. Seremala alituchongea ngazi ya vidole, yaani ubao mrefu wenye vijino, unapigiliwa ukutani, mgonjwa anapandisha vidole kijino kwa kijino mpaka bega linapokataa. Pale linapokataa unaweka alama ya chaki na jina. Tulikuwa na kapi la kamba, fimbo za fagio, na makopo ya maziwa yaliyojazwa mchanga. Mgonjwa anainama, anauachia mkono mbovu uning'inie huku ameshika kopo, anauyumbisha taratibu mbele na nyuma, halafu kwa mduara mdogo. Uzito wa kopo unakifungua kiungo bila mtu kuvuta. Hadi leo sijaona mashine inayoshinda lile kopo, ila mashine ina waya na watu huheshimu vitu vyenye waya.

Sista alinifundisha pia kutouliza "unaumwa wapi". Kila mtu huonyesha bega zima. Tuliuliza, "Unashindwa kufanya nini?" Wanaume wengi wa huku walijibu kwamba wanashindwa kuinua mikono hadi masikioni wanapoanza swala, na wanaona haya mbele ya wenzao. Wanawake walisema kufunga kilemba, kusuka mtoto, kushika ndoo kichwani. Jibu hilo ndilo tuliloandika kwenye kadi, na ndilo tulilolifuata. Bega likifika kwenye kilemba, limepona, hata kama kipimo cha digrii kinasema bado.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya Mwinyimvua, kibarua wa genge la reli stesheni ya Kwala. Bega lilimtoka wakiwa wananyanyua taruma, gogo zito la kulazia reli. Fundi wa mifupa kijijini alilirudisha, na alilirudisha vizuri, nisimnyime haki yake. Ila baada ya kulirudisha alimfunga mkono kifuani kwa siku arobaini, kama anavyofungwa mtu aliyevunjika mfupa. Siku ya kufunguliwa, mkono ulikuwa umegandana na mbavu. Alipoletwa kwangu nilikuwa na nguvu za ujana na akili ndogo. Nikampasha mchanga, nikamlaza, nikauvuta mkono wake juu mpaka kitu fulani kikalia ndani na Mwinyimvua akazimia.

Sista Eliwaza alimwamsha kwa maji, kisha akanitoa nje. Aliniambia bega lililoganda haling'olewi kama muhogo. Kila ukililazimisha linavimba ndani, na kila likivimba linazidi kukaza. Unakwenda nalo hadi mpaka wa maumivu, unasimama hapo, unahesabu pumzi, unarudi, na kesho mpaka wenyewe utakuwa umesogea. Ilinichukua miezi minane kumfikisha Mwinyimvua masikioni. Alipata swala yake. Taruma hakunyanyua tena, na genge halikuwa na kazi ya mtu wa mkono mmoja na nusu. Mara ya mwisho nilimwona akichoma mkaa nyuma ya stesheni, akanisalimu kwa mkono ule mbovu ili nione unavyopanda. Ulipanda vizuri. Nguo zake zilikuwa zimechanika.

Sasa nije kwenye mambo ya kanga.

Pale Kibaha wagonjwa wa kike walikuwa wa Sista. Aliwafungia pazia, akawavua, akawaangalia, mimi nikingoja nje. Lakini kila Jumatano ya pili nilipelekwa Kisarawe kwa Land Rover ya hospitali kufanya kliniki ya viungo, na kule nilikuwa peke yangu. Mwanamke wa kwanza kuletwa kule aliletwa na mumewe. Nikamwambia, kama nilivyofundishwa, kwamba nahitaji kuliona bega. Mume akasimama. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba yangu aliyemjua, akasema basi baba yangu amepata hasara, akamshika mkewe wakaondoka.

Wiki mbili zilizofuata nililifikiria jambo lile na nikapata ufumbuzi ambao niliuona wa hekima. Nikawa namkaribisha mwanamke, namketisha na mavazi yake yote, namwomba ajitande kanga ya pili kutoka shingoni hadi kiunoni, na ninafanya kazi juu ya kanga. Nilijifunza kuutambua mtulinga chini ya kitambaa, ncha ya bega, msuli uliokaza. Mume akitaka kuketi pembeni, anaketi. Sikuuliza lolote la chini ya kitambaa.

Walikuja. Wengine walitembea nusu siku. Nilipata jina la utani, Bwana Nyanyua, kwa sababu ya neno nililolisema kutwa. Misikitini nilitajwa kwa wema. Wazee wa Mlandizi waliniambia mimi ndiye mganga wa serikali pekee anayejua kwamba mwanamke ana mwenyewe. Nilifurahi, sioni haja ya kuficha. Nilitembea kifua mbele.

Sista Eliwaza aliposikia aliniita. Nilimweleza kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni: kwamba yeye ni mtu wa bara na Mkristo, huku pwani mambo hayaendi hivyo, na kwamba bila kanga wasingekuja kabisa. Alifikiri kidogo. Alikubali kwamba kuja ni bora kuliko kutokuja. Kisha akaniuliza kwa nini siombi ofisi wanipe muuguzi wa kike kwa siku zile za Jumatano, nikasema nitaomba. Sikuomba. Kwa nini nigawe sifa yangu na mtu? Mwaka uliofuata Sista alihamishiwa kanda ya ziwa, na mimi nikaachwa na funguo, ubao, makopo na wagonjwa wote.

Ndipo ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Wale mliokuwa watoto hamkuyaona mabega ya mwaka ule. Watu walibeba milango ya nyumba zao, nguzo, vinu, bibi wasioweza kutembea. Walifika sehemu mpya wakaanza kukata miti na kupiga udongo, na juu ya hapo palikuwa na shamba la kijiji. Mvua ilikuwa mbaya na chakula kikawa kidogo. Kliniki yangu ya Kisarawe ilijaa mpaka barazani.

Bi Zena aliingia Jumatano moja na mumewe, Mzee Shomari, mtu mpole aliyekaa kwenye benchi na kuitazama kofia yake mapajani. Mwanamke alikuwa mrefu, wa umri wa miaka arobaini hivi, na aliongea kabla sijamkaribisha. Nilipomuuliza anashindwa kufanya nini, alisema kunyanyua jembe. Bega la kulia lilianza kuuma walipokuwa wakijenga, likakaza, sasa mkono haupiti kifuani. Kwenye mkutano wa kijiji katibu alisoma majina ya wasiofika shambani, la kwake likiwemo, na mtu mmoja nyuma akasema kupe. Jambo hilo lilimchoma kuliko bega.

"Nirudishie mkono tu, Bwana Nyanyua," alisema. "Mdomo wa kuwajibu ninao."

Mumewe akaongeza, bila kuinua macho, kwamba wamesikia mimi ni mtu wa heshima. Nikampa Bi Zena kanga ya pili ajitande.

Mnaosoma mtaona kwamba dalili zake zilifanana na bega lililoganda: umri ule, jinsia ile, kazi ile, mkono usiopanda na usiozunguka kwa nje. Hata kulala upande ule alishindwa. Nililipima juu ya kanga, nikaandika kadi bila wasiwasi. Nilimpasha mchanga, nikamfundisha kopo, nikamwonyesha namna ya kupitisha kamba kwenye boriti ya nyumba yake na kuuvuta mkono mbovu kwa mkono mzima. Alishika upesi. Alama yake ya kwanza kwenye ubao wa kule Kisarawe ilikuwa kijino cha tisa.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Kijino cha kumi na moja, cha kumi na nne, cha kumi na saba. Sijui mpaka leo kwa nini mkono ulipanda. Labda joto, labda hamu yake. Alitania wagonjwa wengine barazani, akawaambia wazee kwamba akifika kijino cha ishirini atamnyanyua katibu kwa mkono mmoja na kumrudisha kijiji cha zamani. Kwa ajili ya katibu niliandika karatasi kwamba apewe kazi nyepesi. Katika kazi yangu yote niliandika karatasi nyingi za kazi nyepesi, na sijawahi kuliona jembe jepesi. Walimpa kupalilia.

Mwezi wa nne alikuja na kiganja kimevimba. Alivaa bangili mbili za shaba tangu kuolewa, na zilikuwa zimezama kwenye nyama. Fundi baiskeli wa Kisarawe alizikata kwa msumeno wa chuma barazani kwangu, sote tukimshikia mkono. Nikamwambia Bi Zena uvimbe umetokana na kitambaa alichotundikia mkono, amekikaza mno. Alisema ndiyo, huenda. Kadi yake ninayo hapa ninapoandika, na nimeandika kwa mwandiko mzuri: "Kitambaa kilibana. Ameelekezwa."

Alikuwa amepungua mwili. Lakini nani hakupungua mwaka ule? Tulikuwa tunakula ugali wa unga wa njano na kushukuru.

Mwezi wa tano alianza kuja amejifukiza udi. Alivaa kanga tatu, nzito, na harufu ya udi ilimtangulia mlangoni. Nilifurahi nilipoisikia. Nilijisemea kwamba mwanamke anayejifukiza ana matumaini, moyo wake umerudi. Nilimwambia hata mumewe, na mumewe aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kisha akarudi kwenye kofia yake.

Wakati huohuo vidole vyake vilikuwa vinashuka ubaoni. Kumi na tano. Kumi na mbili. Jumatano moja vilikwama kwenye cha nane, chini ya pale alipoanzia. Hapo nilifanya jambo ninalolionea haya kuliko yote. Nilimgombeza. Mbele ya watu nilimwambia kwamba mazoezi hafanyi, kwamba mimi natoka Kibaha kwa gari la serikali kwa ajili ya watu wanaojitafutia uvivu, na kwamba kama anataka kuwa kupe awe, lakini asinipotezee muda. Neno lile nililitumia mimi. Bi Zena, mwenye mdomo wa kuwajibu wote, alijitanda vizuri, akaniambia, "Nimekusikia, baba," akaondoka. Alikuwa hajawahi kuniita baba.

Kliniki mbili hakuja. Kwenye ya tatu alikuja mwanamke mzee nisiyemjua, akasubiri mpaka wagonjwa wote wakaisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema yeye ni mkunga wa Kurui. Akafunga mlango mwenyewe.

"Yule Zena wako," alisema, "lile si bega. Ni ziwa. Ziwa la kulia limeoza, na kwapani kuna mawe. Nimemwogesha jana. Nimekuja uniambie kama hukujua."

Nilimwambia sikujua. Aliniuliza mara ya pili, polepole, kama anayemuuliza mtoto, kama katika miezi yote ile sikujua. Nikamwambia nilikuwa nafanya kazi juu ya kanga. Yule bibi akasema kwamba yeye ana miaka sabini, ni Mzaramo, mtoto wa Mzaramo, na Mungu hakuweka kanga ili mtu afe chini yake.

Kesho yake nilimwomba dereva anipeleke Kurui. Nilijua njia nzima nitakachokikuta, kwa sababu nilipolazimika kufikiri, mambo yote yalijipanga yenyewe: uvimbe wa mkono, wembamba, udi. Bega halikuwa limeganda kwa sababu ya bega. Lilikuwa limefungwa kutoka kwapani, na mimi kwa miezi sita nilikuwa nauvuta mkono dhidi ya uvimbe, nikimwambia apumue.

Nilimkuta amelala kwa ubavu wa kushoto juu ya kitanda cha kamba. Harufu ya udi ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa imeshindwa na ya kidonda. Mzee Shomari alitoka nje akatuacha peke yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kliniki. Niliketi chini. Nilimtaka radhi kwa maneno ya siku ile, akasema ameshasamehe, mimi nilikuwa nimechoka. Halafu nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Naandika swali langu kama lilivyokuwa, ingawa lilikuwa swali la mtu anayetafuta pa kujifichia.

Alinijibu bila hasira.

"Nilikuja kwako kwa sababu nilisikia huvui watu. Uvimbe nilikuwa nao tangu kabla ya kuhama, mdogo hivi. Nikasema nikienda hospitali kubwa watanivua, wataona, wataniambia. Kwako nitatengenezwa mkono na hakuna atakayeona." Alipumzika. "Lakini kila Jumatano mikono yako ilipokuwa inapita hapa, nilikuwa naogopa utaona, na nilikuwa naomba uone. Siku ile ya bangili nilijua umeona. Ukasema kitambaa."

Tulimpeleka mjini kwa gari lilelile. Daktari wa upasuaji alimwangalia kwa dakika chache, akaniita pembeni, akaniuliza alikuwa akitibiwa wapi. Nikamwambia. Aliandika jibu langu kwenye faili, na ningependa angenigombeza. Walimpa dawa ya maumivu wakamrudisha. Alikufa kabla ya masika. Nilikwenda kuzika Kurui, nikasimama na wanaume, na wazee walinipokea kwa heshima ileile, wakanishukuru kwa kumhangaikia marehemu. Sikulia pale. Nililia kwenye gari, dereva akasimamisha akashuka kuangalia tairi ambalo halikuwa na kasoro.

Kwa Sista Eliwaza sikuandika barua. Nilianza mara kadhaa.

Baada ya hapo niliiomba ofisi muuguzi wa kike wa Jumatano. Kumpata kulichukua mwaka na nusu, na katika muda huo nilishona pazia mwenyewe, nikamwita mkunga au mwanamke yeyote mtu mzima aliyekuwapo barazani asimame ndani, na nikaanza kusema neno ambalo nilipaswa kulisema tangu mwanzo: naomba nilione bega lako, mbele, nyuma na kwapani. Wengi walikubali kuliko nilivyotarajia. Wapo waliokataa wakaondoka. Mwanamke mmoja wa Magindu alitoka na mumewe akinitukana njia nzima hadi barabarani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Nilimfuata, nikamsihi mume, akanitishia fimbo. Sijui alifia wapi, au kama alikufa. Sifa yangu ilipungua Mlandizi. Mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba alisema cheo kimeniharibu, naye hakujua kwamba sikuwa na cheo.

Kwa hiyo nyinyi mnaobaki na funguo, hakikisheni kila mgonjwa wa bega anaonekana kabla hajashikwa. Maumivu ya bega lenyewe hubadilika mkono unapobadilika: ukiuinua hivi yanazidi, ukiuegemeza vile yanatulia. Maumivu yasiyojali mkono umewekwaje, yanayokaa palepale huku mtu anakonda, hayo yanatoka kwingine, na mchanga wa moto hauyahusu. Mkono ukivimba, vueni kanga zote kabla ya kulaumu kitambaa. Na vidole vikishuka ubaoni, msimgombeze mgonjwa. Jiulizeni nyinyi kwanza. Haya yote Sista aliniambia siku yangu ya kwanza mbele ya mpishi, nami niliyaelewa baada ya kuzika.

Miezi michache kabla ya kustaafu, Jumatano moja, muuguzi Tabitha aliniletea mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa anatokea Magindu, ameolewa huko kwa wafugaji, na bega lake la kulia lilikuwa linamsumbua. Alimkabidhi Tabitha mtoto, akaketi kwenye kiti, na kabla sijafungua mdomo akafungua kanga yake mwenyewe, akaishusha mpaka kiunoni, akanyanyua mkono kadiri ulivyoweza. Alikuwa anatazama ukutani. Nilimwambia asiharakishe, kuna pazia.

Akasema yeye ni mtoto wa Zena wa Kurui, yule mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa tayari kwa mumewe.

"Mama aliniusia," alisema. "Alisema, siku ukiumwa nenda kwa Bwana Nyanyua, ana mkono mzuri. Lakini fungua mwenyewe. Yule ni mtu mwema, hatakuuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba siku hizi nauliza, kwamba nimeuliza kila mmoja kwa miaka yote hii tangu mama yake. Tabitha alivuta pazia. Nilinawa mikono, nikaiweka nyuma, nikasimama mbele yake, kisha nyuma yake, kisha nikamwomba anyanyue mkono tena. Lilikuwa bega lililochoka kwa jembe na ndoo, hakuna zaidi. Hata hivyo nilirudia kukagua mara tatu, na yeye alinivumilia.